Alichokiomba Zena

Shangazi Sauda tulimzika Kilindoni mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, na aliyemwosha ni mdogo wangu Zena. Aliingia chumbani pamoja na kina mama wawili wanaoijua kazi hiyo, mlango ukafungwa, sisi wengine tukabaki ukumbini na moshi wa udi. Mwanamke mmoja nisiyemjua akaniinamia akauliza, "Huyo aliyeingia ndiye binti wa marehemu?" Nikamwambia ndiyo. Jirani wa miaka mingi, aliyekaa upande wangu wa pili, akadakia, "Siye. Huyo ni wa kaka yake. Huyu hapa ndiye dada'ke, tumbo moja." Wakaanza kubishana kwa kunong'ona juu ya mapaja yangu, kila mmoja na ushahidi wake, maiti hata haijatoka ndani, na mimi ilibaki kidogo tu niwatoe nje wote wawili. Mdomo wangu watu wanaujua. Siku ile niliufunga kwa heshima ya Shangazi.

Matanga hayajaanuliwa vizuri, vijana wa kundi la familia kwenye simu wakaanza habari za Idi: nani atamnunulia mtoto yupi nini, nani amerudiwa, nani amesahauliwa. Akatokea mmoja, mtoto wa juzi tu, akaandika kwamba orodha ya matakwa ya watoto apewe Shangazi Mwaju aisimamie, kwa kuwa ana uzoefu. Uzoefu! Nikamjibu siwezi. Akauliza kwa nini. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, mwisho nikazima simu nikaenda kupika. Jibu lake ni habari ya mwaka mzima, na mwaka mzima hauandikwi kwa kidole gumba umesimama jikoni.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nakaa kwa Shangazi Sauda kama nilivyokaa miaka yote ya sekondari. Nyumba yake naiona hadi leo nikifumba macho: ukumbi wenye makochi yaliyovishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea, feni iliyolalamika kila ilipozunguka, na huko uani jiko la kuni, karo la kuoshea vyombo na mkeka ambao mchana kutwa haukukosa mtu. Shangazi hakujaaliwa kuzaa. Zena alipewa yeye alipokuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Kwetu hilo halina ajabu. Dada hana mtoto, kaka anao wanne, basi mmoja anahama nyumba. Hakuna karatasi wala mahakama. Mtoto anafungiwa nguo zake, anasomewa dua, anavushwa kwa mashua kutoka kisiwa cha Chole hadi Utende amebebwa, na tangu hapo aliyempokea ndiye mama. Wala hafichwi kitu. Zena alijua vizuri. Shangazi alimwita Mama, na mama yetu aliyebaki kule kisiwani alimwita Mama Chole. Kinachokatazwa, ingawa sijawahi kumsikia mtu akikitamka, ni kumtaka tena. Ukimtaka mtoto uliyempa mtu, umemwambia mbele ya ulimwengu kwamba ameshindwa kulea. Nimeona ndugu waliokatana kwa jambo hilo hadi wakazikana bila kusemeshana.

Orodha aliianzisha Dada Nasra, binti wa Ami Khalfani, kaka wa baba yetu; Nasra alikuwa na duka la nguo Dar es Salaam. Idi iliyotangulia zawadi zilileta balaa. Kila mkubwa alinunua alichokiona yeye, Ami kule Maskati, Nasra kule Dar, na wengine kila mmoja kwa akili yake. Maboksi yalishushwa gatini dakika za mwisho, na tulipoyafungua tukakuta mtoto mmoja ana kanzu tatu na nduguye hana hata kofia. Viatu vilikuwa vya miguu ya watu wengine kabisa. Kina mama wawili, watu wazima na adabu zao, waliacha kusalimiana hadi Idi ya kuchinja kwa sababu ya gari la betri. Kwa hiyo Nasra akatoa amri kwenye kundi: safari hii kila mtoto aulizwe anachotaka, kiandikwe, wakubwa wagawane, asirudiwe mtu na asiachwe mtu. "Mwaju yupo hapo hana kazi," akaandika, "yeye ndiye awaulize." Hana kazi! Mimi niliyekuwa nachota maji, nakuna nazi, napiga deki na kuwapeleka watoto madrasa. Lakini sitajidai, nilifurahi. Nilikuwa sijawahi kukabidhiwa jambo la wakubwa.

Kazi ilianza kwa kicheko. Saizi za viatu hakuna aliyezijua, basi nikawa nachomoa chelewa kwenye ufagio, namsimamisha mtoto ukutani, napima kutoka kisigino hadi ncha ya kidole gumba, navunja, nafunga uzi na jina lake. Ufagio wa Shangazi ulikonda hadi akauficha chini ya kitanda. Na watoto walisema mambo! Mmoja alitaka friji ili auze barafu shuleni. Mmoja alitaka viatu vya kisigino kirefu kama vya mwalimu wake wa hisabati, na mwenyewe hana meno ya mbele. Kulikuwa na mapacha waliokaa mbalimbali, kila mmoja akaninong'oneza kwamba anataka chochote ilimradi mwenzake asikipate. Niliyaandika yote kama yalivyotamkwa, na jioni nikiyatuma kwenye kundi, watu wa Maskati na Dar walijibu kwa vicheko mpaka simu ikapata moto.

Zena nilimwacha mwisho kwa sababu alikuwa wa nyumbani. Alikuwa na miaka minane, mtoto wa maneno machache, mwembamba, mwenye tabia ya kumtazama mtu kinywani anapoongea. Likizo ya kabla ya Ramadhani mama yetu aliugua kifua, akalazwa, akaruhusiwa, na Shangazi kwa moyo wake mwenyewe akamruhusu Zena akae Chole hadi shule zifunguliwe. Alirudi mweusi kwa jua, anakohoa kidogo, hana la kusimulia. Mimi sikuona kitu. Asubuhi ile Shangazi alikuwa amekwenda sokoni kutafuta samaki, na Zena amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha.

"Haya bibi, zamu yako," nikamwambia. "Idi unataka nini?"

"Chochote?"

"Chochote. Ila friji imeshachukuliwa."

Hakucheka. Alivunja bua la mchicha, akaliweka upande. "Nataka nikakae Chole kwa Mama Chole."

"Kutembea? Idi Pili tutakwenda wote, hilo si la kuomba."

"Si kutembea. Kukaa."

Nikageuka kutazama mlango wa uani kama mwizi. Nikashusha sauti. "Hapa umekosa nini?"

"Sijakosa kitu."

"Umepigwa?"

"Sijapigwa."

"Sasa unataka nini wewe mtoto?"

Akanitazama mdomoni. "Kule nikiamka usiku namsikia anapumua. Hapa sijui kama anapumua."

Nilitaka kumkemea na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya hata moja. Nikamwambia achague kitu kinachouzwa dukani. Akasema, "Wewe umesema chochote," akaendelea na mchicha wake. Nikapima mguu wake kwa chelewa, nikafunga uzi, na mbele ya jina lake nikaacha wazi. Sasa nina watoto wangu, na mdogo wao akiamka usiku huja kusimama kando ya kitanda changu bila kusema neno, ananitazama tu. Zamani ningemrudisha kwake kwa ukali. Siku hizi namsogezea nafasi.

Basi nikaanza kuishi na neno lile tumboni. Shangazi yeye alikuwa na mipango yake. Nilimsikia akizungumza na Nasra kwenye simu, amekaa ukumbini, miguu juu ya kigoda, sauti yake imejaa furaha ambayo kwa kawaida hakuwa akiionyesha. "Baiskeli, Nasra. Ya waridi, yenye kikapu mbele. Hapana, hajasema, lakini mimi ni mama yake, namjua. Nimemwona anavyoitazama ya binti wa mwalimu." Tena akaisogeza cherehani yake kutoka nyuma ya mlango, mahali ilipokuwa tangu nimjue, akapafagia pale, baiskeli ipate pa kulala. Nasra naye hakuniacha: "Mwaju, mbona Zena hana kitu? Mbona Zena bado?" Nilimjibu bado anafikiri. Wakati wa futari nilikuwa siwezi kumtazama Shangazi. Alikuwa na desturi ya kumchambulia Zena samaki, anatoa miba mmoja mmoja, anaiweka ukingoni mwa sahani yake mwenyewe, kisha anamsogezea minofu mitupu juu ya mihogo ya nazi. Zena anakula.

Kumi la mwisho la Ramadhani likaingia. Ami Khalfani akaona kuandikiana hakutoshi, anataka kuwasikia watoto kwa masikio yake. Ami ndiye alikuwa mkubwa wetu. Baba yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mambo yote ya nyumba yetu, nani aolewe, nani asome, shamba lipi la minazi lipaliliwe, yalikuwa mkononi mwa Ami. Hata Zena kupewa Shangazi ilikuwa kauli yake. Basi siku moja baada ya Alasiri watoto wote wakaletwa ukumbini kwa Shangazi, wameogeshwa, wamepakwa mafuta hadi wanang'aa, wamepangwa juu ya zulia. Simu nikaiweka juu ya meza ndogo, kwenye spika. Kina mama wakajaa mlangoni. Zena alikaa karibu na goti la Shangazi. Nilimfuata nikamnong'oneza, "Sema baiskeli." Akageuza uso kutazama simu.

Sauti ya Ami ilikuwa kubwa siku zote, kwenye spika ndiyo usiseme. "Wanangu! Nimefunga, na nina udhu wangu. Wallahi, mtoto yeyote atakayeniomba kitu leo kwa kinywa chake, nami nina uwezo nacho, nitampa!"

"Kaka, usiape," Shangazi akasema. "Mwezi huu si wa kuapa hovyo."

"Niache niape, Sauda. Watoto ni wangu, na kiapo ni changu."

Wakaanza kwenda mmoja mmoja. Mwenye friji akaomba friji. Ami akacheka hadi akapaliwa, akasema hiyo iko nje ya uwezo wake, mtoto akashuka bei hadi mpira wa ngozi. Mwenye viatu vya kisigino akapata viatu. Mapacha wakapewa vinavyofanana, wakanuna. Ukumbi mzima ulikuwa kicheko, na mimi nahesabu vichwa vilivyobaki.

Shangazi akamsimamisha Zena, akamweka sawa ushungi, akamshika bega. "Nenda mwanangu. Sema kwa sauti."

"Shikamoo Ami."

"Marahaba, Zena binti yangu. Haya, unataka nini?"

"Nataka nikakae kwa Mama Chole."

Ikasikika feni. "Nini? Sikusikia vizuri," Ami akasema, na nadhani alikuwa kweli hajasikia. Zena alikuwa ameambiwa aseme kwa sauti. Akavuta pumzi akasema tena, kwa sauti ile ya watoto wanaosoma mbele ya darasa, neno kwa neno, mpaka waliokuwa barazani wakageuza shingo. Mimi nilitazama mkono wa Shangazi. Haukuondoka begani kwa Zena. Ulikaa palepale, ila vidole vilikuwa vimenyooka kama vya mtu aliyeshika kitu cha moto na hana pa kukiweka. Ami akasema mtandao unasumbua, atapiga baadaye, simu ikakatika. Na watoto, ambao hawajui kunyamaza penye kunyamaza, wakaanza kurukaruka: "Ami ameapa! Ameapa! Lazima ampe!"

Kina mama walitoka mmoja mmoja, kila mmoja amekumbuka jiko lake. Shangazi akaenda uani akakaanga samaki. Magharibi ikafika, tukafuturu, na alimchambulia Zena miba kama kila siku, mmoja mmoja, akaipanga ukingoni. Nilitamani apige kelele. Nilitamani avunje hata sahani moja. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na Ami kwa kiapo chake cha majigambo, na Nasra kwa orodha yake, na mama yangu kwa kuugua, na Zena, Mungu anisamehe, kwa kuwa na moyo unaopiga. Shangazi alimaliza kula, akanawa, akasema tu, "Mwaju, chumvi leo imezidi."

Kundi la familia lilikuwa kimya, kimya kile cha watu wanaoandikiana pembeni. Nasra akanipigia. "Nani amemfundisha mtoto maneno yale? Si bure. Mama yako alikaa naye likizo nzima." Nikamwambia ashike adabu yake, ni mama yangu anayemsema, nikakata simu. Ila nilijua hayuko peke yake. Mjini watu walishakubaliana kwamba mama amemtaka mtoto wake kwa mlango wa nyuma, na amemtumia mwenyewe mtoto.

Habari ikamfikia mama, maana Chole si mbali na midomo ina mbio. Alikuja na bodaboda kutoka Utende, mwembamba kuliko nilivyomwacha, amebeba kikapu chenye pweza mkavu. Shangazi alimwekea kiti, mama akakataa, akakaa kwenye mkeka. Wakasalimiana salamu zote, za nyumbani, za wagonjwa, za saumu, hakuna hata moja iliyorukwa. Mimi nilikuwa kwenye karo, sufuria moja nimeiosha mara nyingi hadi ingeweza kutoboka.

"Wifi," mama akasema, "mimi sikumtuma."

"Najua hukumtuma."

"Nilikupa kwa mikono miwili. Kaka yako yupo kaburini, ni shahidi."

"Hilo nalo nalijua." Shangazi akaokota jani lililoanguka kwenye mkeka, akalikunja. "Nikuulize wewe sasa. Unamtaka?"

Mama akafunga vizuri khanga yake, akaifungua, akaifunga tena. "Usiniulize hivyo, wifi. Nimefunga."

Aliyefunga hasemi uongo, na wote wawili walikuwa wamefunga. Kidogo Zena akarudi kutoka madrasa, juzuu kwapani, akasimama mlangoni akiwatazama wote wawili midomoni. Mama akainuka haraka, akamshika kichwa kama anayemshika mtoto wa jirani, akaaga. Nilimsindikiza hadi barabarani. Hakulia mbele yangu. Aliniuliza kama kikohozi cha Zena kimepona, nikamwambia kimepona, akapanda bodaboda akaenda zake.

Ami alipiga simu siku iliyofuata, nami nilikuwa jikoni nasikia upande wake wote, kwa sababu alikuwa haijui simu isipokuwa kwa kupiga kelele. "Sauda, nimemuuliza sheikh. Kiapo kina kafara. Masikini kumi, kila mmoja kibaba cha mchele. Tena amesema kafara yaweza kutangulizwa, ukishaitoa umefunguka, huna dhambi. Basi toa wewe hapo kwa niaba yangu. Mtoto ni wako, nilikupa mimi, hakuna wa kukunyang'anya. Baiskeli inakuja kwa boti. Toa mchele, yaishe."

"Yaishe," Shangazi akajibu.

Nilishusha pumzi, nasema kweli. Nilifarijika kwamba nyumba haitavunjika, kwamba Shangazi hataachwa peke yake na kabati lake la vikombe, na kwamba nitatembea mjini bila kunyooshewa kidole. Kisha nikamwona Zena uani anaanika ushungi wake kwenye kamba, amesimama kwa ncha za vidole, na faraja yote ikaniponyoka. Mtoto alikuwa anasubiri. Alikuwa ameshaanza kutenga nguo zake, zile anazozipenda, upande mmoja wa kasha, na kila siku aliniuliza kama Ami amepiga. Nilikuwa namwambia bado.

Siku ya kutoa, Shangazi alikaa ukumbini na sinia kubwa la mchele. Tulikuwa tumeuchagua asubuhi, safi, mweupe. Alipima kwa kile kibaba chake cha bati, akasawazisha juu kwa kidole, akamimina kwenye mifuko ya kaki ambayo Zena alikuwa akimfungulia midomo. Hakumwambia ni ya nini. Zena aliuliza, "Hii sadaka, Mama?" Shangazi akasema, "Ya Ami yako." Basi. Akatutajia majina na nyumba, akabakisha mfuko mmoja kwa sababu kikapu kilikuwa kimejaa, wa bibi mmoja anayekaa nyuma ya msikiti.

Tukaenda, mimi na kikapu, Zena mbele. Kila mlango Zena ndiye alibisha hodi, ndiye alitoa salamu, ndiye alikabidhi mfuko kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Na kila aliyepokea, unajua watu wetu, hakuuliza kafara ya nani wala kiapo gani. Alimwona mtoto na mchele mkononi, akainua viganja. Mzee asiyeona alimpapasa kichwani akasema, "Mwenyezi Mungu akupe unachokitaka, mwanangu." Zena akaitikia, "Amin." Mjane mwenye watoto wachanga akasema, "Mola akutimizie la moyoni." Zena akaitikia, "Amin," kwa nguvu zaidi. Nyumba baada ya nyumba, maneno yaleyale, na mtoto anaitikia kwa moyo wote, hajui kwamba kila mfuko anaoutoa ndio unaomfungia njia. Mimi nilikuwa natembea nyuma yake na kikapu kinazidi kuwa chepesi. Nyumba za mwisho nilisimama barabarani, sikuweza kuingia.

Tuliporudi Shangazi alikuwa palepale ukumbini, mfuko wa kumi umekaa mapajani mwake, umeshakunjwa mdomo. Zena alivua viatu mlangoni akamkimbilia.

"Mama, wameniombea!"

"Wamekuombea nini?"

"Wote. Wamesema Mungu anipe ninachokitaka. Hata yule mzee asiyeona. Nimeitikia amin kwa kila mtu, sijasahau hata mmoja."

Shangazi alimtazama. Mimi nilisimama mlangoni na kikapu kitupu, na nikasema kwa sababu nilidhani lazima mtu aseme, "Shangazi, nipe huo wa mwisho niupeleke. Bibi atakuwa anasubiri."

"Bibi nitampelekea samaki," akasema. "Mchele simpi."

"Lakini bado mmoja. Kafara haijatimia."

"Najua kuhesabu, Mwaju. Haijatimia."

Akaukunjua mdomo wa mfuko, akavuta ungo, akaumimina mchele wote pale. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kuagiza kitunguu. "Kakune nazi, tupike wali wa futari. Kesho asubuhi mpeleke mdogo wako Utende, mvuke naye. Zena, mama, hizo nguo ulizozitenga kwenye kasha zilete nizikunje vizuri, hivyo ulivyozitupa zitakunjamana." Alikuwa ameziona siku zote. Zena akasimama, hajui acheke au alie. "Na wewe, Mama?" akauliza. "Mimi nipo hapa," Shangazi akasema. "Utanikuta hapa. Ila leo utakula kwanza, mtoto haondoki kwangu na njaa."

Nikaenda uani nikakuna nazi, nikakamua tui la kwanza na la pili, nikawasha moto, maji yakachemka. Nilipochungulia ukumbini alikuwa bado ameinamia ungo. Mchele ule hauna hata jiwe moja, tulishauchagua asubuhi, lakini alikuwa anauchagua tena, punje kwa punje, polepole, na nguo za Zena zimekunjwa kando yake. Nikayaacha maji yachemke.